Jembe na Nyumba: Maisha ya Wagombea Njiani katika Uchaguzi wa Tanzania Bara wa 1965

Historia za uchaguzi katika Afrika ya Mashariki zimeandikwa zaidi kwa hesabu za kura kuliko kwa habari za safari. Msomaji hupewa majina ya washindi, jumla ya kura zao na maoni ya wataalamu juu ya maana yake. Lakini yale majuma ya vumbi yaliyotangulia siku ya kura, ambamo mgombea alikula, akalala, akasema na kunyamaza kwa namna aliyoamriwa, hupitwa kwa sentensi moja. Upungufu huo ni mkubwa hasa katika habari za uchaguzi wa Tanzania Bara wa Septemba 1965, maana katika uchaguzi ule safari yenyewe ndiyo iliyokuwa jambo jipya. Wagombea wawili wa kiti kimoja, wote wanachama wa chama kimoja, walisafirishwa pamoja, wakahutubia mkutano mmoja, tena kwa lugha moja iliyowekwa na kanuni. Yaliyompata mgombea katika safari hiyo ndiyo yanayoeleza, pengine kuliko sababu nyingine yoyote, kwa nini wakubwa kadhaa waliodhaniwa kuwa imara walianguka.

Ili kuelewa jinsi mpango huo wa ajabu ulivyozaliwa, hapana budi kurudi nyuma kidogo. Katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, uliofanywa kwa awamu mbili mwaka 1958 na 1959, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. TANU ilikubali kwa shida kushiriki, baada ya mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, nayo ikashinda. Uchaguzi uliofuata, wa Agosti 1960, ulikuwa na viti 71, lakini katika viti 58 kati ya hivyo mgombea wa TANU hakupata mpinzani. Katika viti vilivyosalia TANU ilishindwa kimoja tu, cha Mbulu, naye aliyekishinda, Herman Sarwatt, alikuwa mwanachama wa TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mteule wa chama. Kwa maneno mengine, nchi iliyokuwa ikielekea uhuru kwa shangwe kubwa ilikuwa na raia wengi ambao hawajapata nafasi ya kumchagua mbunge wao. Ushindi wa chama ulikuwa umemnyima mwananchi kura yake.

Jambo hilo lilimsumbua Julius Nyerere, naye akalieleza katika maandishi yake ya mwaka 1963 juu ya demokrasia na mfumo wa vyama. Januari 1964 iliundwa Tume ya Rais chini ya uenyekiti wa Rashidi Kawawa. Tume haikuulizwa kama nchi iwe ya chama kimoja au sivyo, kwani hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Iliulizwa ni kwa njia gani nchi ya chama kimoja itaweza kubaki ya kidemokrasia. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1965, na Julai mwaka huohuo Katiba ya Muda ikapitishwa. Kwa utaratibu mpya, Mkutano Mkuu wa TANU wa wilaya uliwapigia kura waliotaka kusimama, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na wapiga kura wote wa jimbo, wawe wanachama au wasiwe, wakaamua baina ya hao wawili. Majimbo yalikuwa 107, yote ya Bara. Unguja na Pemba hazikuchagua wabunge mwaka huo, na hivyo kikatokea kichekesho kidogo cha historia: wenyeji wa lahaja iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu hawakuwa na kampeni ya ubunge, ilhali Mmasai, Msukuma na Mhaya walitakiwa kuendesha yao kwa Kiswahili peke yake.

Masharti aliyofungwa nayo mgombea yalikuwa mengi, na yafaa yatazamwe kama yalivyoonekana na yeye mwenyewe asubuhi ya siku ya kwanza. Hakuruhusiwa kuitisha mkutano wake wa hadhara. Mikutano yote ilipangwa na kamati ya chama ya wilaya, naye alipewa ratiba. Hakuruhusiwa kutumia kabila, dini wala rangi kama hoja. Hakuruhusiwa kudai kwamba Rais au chama kinampendelea yeye. Hakuruhusiwa kusema mkutanoni kwa lugha isiyokuwa Kiswahili. Sera hakuwa nazo za kwake, kwani yeye na mpinzani wake walifungwa na ilani moja ya TANU. Hata alama yake ya uchaguzi hakuichagua. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, karatasi ya kura ilikuwa na picha mbili, jembe na nyumba, na kila mgombea alipewa moja. Tume ilikuwa imekusudia kwamba mwenye fedha asimshinde asiye nazo, na kwamba kelele za ngoma na magari zisiwe ndizo zinazochagua. Nia hiyo ilikuwa njema. Lakini mtu aliyevuliwa mali, kabila, dini, sera na jina la Rais amebakiwa na nini cha kusema? Swali hilo lilikuwa ndani ya lile gari kila siku.

Gari lenyewe lilikuwa la chama au la serikali, na kwa kweli mwananchi wa kijijini hakuona tofauti kubwa kati ya viwili hivyo, maana Mkuu wa Wilaya, aliye mkono wa serikali, ndiye pia aliyekuwa Katibu wa TANU wa wilaya. Ndani yake walipanda wagombea wote wawili pamoja na viongozi wa chama. Walikuwapo pia wasimamizi watatu waliotumwa na Halmashauri Kuu kutoka nje ya wilaya ili kuona kwamba haki inatendeka. Agosti na Septemba ni miezi ya kiangazi katika sehemu kubwa ya Bara. Barabara hupitika, mazao mengi yamekwisha vunwa, na watu wana nafasi ya kukaa mkutanoni. Lakini hiyo ndiyo miezi ya vumbi na kiu, na majimbo mengine yalikuwa makubwa mno hata mkutano mmoja na mwingine vikatenganishwa na nusu siku ya mwendo. Penye safari ya zaidi ya siku moja hapakuwa na njia ila wapinzani walale kituo kimoja na kunywa chai ya birika moja. Adabu ya Kiafrika haimruhusu mtu kula akimpa kisogo mwenziwe, na mwenyeji aliyewapokea hakuweza kumkaribisha mmoja na kumwacha mwingine uani. Hivyo watu wawili waliokuwa wakinyang'anyana kiti walilazimika kuishi kama wasafiri wenza kwa majuma kadhaa.

Hapa neno lenyewe linaloitwa mgombea linastahili kutupiwa jicho. Kugomba ni kuteta na kukaripia, na kugombea ni kushindania kitu kwa nguvu, kama watoto wagombeavyo embe. Lugha ilikuwa na jina la ugomvi kwa kazi ambayo kanuni ziliitaka ifanywe bila ugomvi wowote. Kura nayo, neno lililotoka katika Kiarabu, ilikuwa hapo zamani kura ya bahati nasibu, ambayo watu huipiga wanapotaka kumwachia Mungu kuamua. Si ajabu kwamba katika mazingira kama hayo, ambapo wagombea walifananishwa kwa kila hali, baadhi ya wazee waliuliza kuna haja gani ya kuchagua baina ya watu wa chama kimoja.

Mkutano wenyewe ulikuwa na sura ileile kutoka kijiji hata kijiji. Ulifanywa uwanjani pa shule, sokoni, penye ghala la ushirika au chini ya mti mkubwa. Mwenyekiti alisimama na kutoa mwito wa chama, nao watu wakaitikia. Kisha alieleza kwamba hawa wawili wote ni wana wa TANU, kwamba chama hakina kipenzi, na kwamba mwananchi ni huru. Maelezo hayo yalirudiwa mara nyingi kwa sababu wengi hawakuyaamini. Mtu aliyezoea tangu 1958 kwamba TANU humtaja mtu wake na wananchi humpitisha, alitaka kujua leo chama kinamtaka nani, na alitazama uso wa Mkuu wa Wilaya kutafuta jibu. Hapo ndipo udhaifu wa mpango ulipokuwa, kwani kanuni ziliweza kuufunga ulimi wa afisa lakini hazikuweza kuufunga uso wake. Aliyekaribishwa kwa tabasamu, aliyetajwa kwa cheo chake, aliyepewa kiti cha mbele garini, alikuwa amekwisha kunadiwa kabla ya kufungua kinywa. Wasimamizi waliotoka nje walisaidia sana katika jambo hili, na yaelekea bila wao malalamiko yangalikuwa mengi zaidi.

Baada ya mwenyekiti, mgombea wa kwanza alisema kwa muda aliopimiwa, kisha wa pili kwa muda uleule, halafu yakaja maswali. Katika mkutano uliofuata zamu iligeuzwa. Kugeuza huko hakukuwa jambo dogo. Miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka 1963, ilikuwa imechapishwa tafsiri ya Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, na yeyote aliyeisoma anajua yanayowapata wasemaji wawili wanaouhutubia umati mmoja kwa zamu. Brutus anasema kwanza, anaeleweka, anashangiliwa. Antony anasema wa pili na kuondoka na umati wote. Msemaji wa pili ana faida ya kulijua neno la mwisho la mwenziwe. Lakini wagombea wa 1965 walikuwa na shida ambayo Antony hakuwa nayo: hotuba zao zilirudiwa mkutano baada ya mkutano mbele ya mpinzani yuleyule. Kufikia juma la pili kila mmoja aliijua hotuba ya mwenziwe kwa moyo, pamoja na mahali pa kukohoa. Mzaha uliochekesha Jumatatu ulikuwa umekwisha kupata jibu lake Jumatano, na aliyekuwa na neno jipya alilificha hata siku ambayo zamu ilimweka nyuma.

Kwa kuwa sera ilikuwa moja, alama zikafanywa hoja. Jambo hili limewashangaza baadhi ya wageni walioandika juu ya uchaguzi ule, nao wakaliona kama utoto. Msomi wa lugha hana sababu ya kuliona hivyo. Mtu akipewa jembe na kuambiwa aombe kura kwa Kiswahili mbele ya wakulima, amepewa fumbo, na fumbo ndilo shina la ufundi wa kusema katika lugha hii. Mwenye jembe alisema kwamba pasipo jembe hakuna chakula, hakuna pamba wala kahawa, hakuna fedha ya kodi na karo, na kwamba hata hiyo nyumba haikusimama ila baada ya jembe kuchimba mashimo ya nguzo. Mwenye nyumba alijibu kwamba mkulima akichoka hurudi nyumbani, kwamba mavuno huwekwa nyumbani, na kwamba jembe lenyewe jioni huegemezwa ukutani ndani ya nyumba. Jembe huchakaa na kutupwa, alisema mmoja. Nyumba huvuja, alijibu mwingine. Hoja za namna hii zilisikika nchi nzima, wala hakuna aliyezifundisha. Zilitokana na mazoea ya kujibizana ambayo washairi wa pwani wanayo na ambayo makabila ya bara wanayo pia katika ngoma zao za kushindana.

Akiba ya lugha ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na hatari yake. Methali isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima ni ya zamani na inajulikana na wengi; mwenye alama ya nyumba angeweza kuitupa uwanjani kama mkuki, kwani ni kama iliyotungwa makusudi ya karatasi ile ya kura. Nayo methali ya nyumba njema si mlango humtaka mtu afungue aingie ndani kabla ya kusifu, yaani asidanganywe na hotuba nzuri. Kila alama ilikuwa na methali ya kuiua. Mgombea aliyejigamba kwa alama yake bila kuifikiria kwanza aliweza kuaibishwa na kikongwe mmoja aliyekaa mstari wa mbele.

Kanuni ya Kiswahili ilikuwa na athari zilizo ndani zaidi ya mizaha hiyo. Ilikusudiwa kuzuia mambo mawili: kwanza, mgombea asiwaambie watu wake kwa lugha ya kikabila maneno ambayo wasimamizi hawayaelewi, pili, mtu wa kabila dogo aliyesimama katika jimbo la kabila kubwa asifungiwe mlango. Kwa makusudi hayo kanuni ilifaa. Lakini fikiria mgombea wa Usukuma au Uchaga, mtoto wa pale, anayesimama mbele ya wajomba na wakwe zake na kuwahutubia kwa lugha ambayo mle kijijini hutumiwa na karani, askari na bwana shamba. Kwa kilugha angaliwaamkia kwa daraja zao, kila ukoo kwa salamu yake, na kwa salamu hiyo pekee angalikuwa amekwisha kusema yeye ni nani. Kiswahili kilimpa shikamoo kwa wazee wote kwa pamoja, na neno ndugu kwa kila mtu. Neno hilo, ambalo TANU ililieneza hata likawa cheo cha raia, liliwasawazisha watu kwa namna iliyopendeza vijana na kuwatatiza wakubwa wa umri, maana si kila baba mkwe anayefurahi kuitwa ndugu na aliyeoa binti yake.

Akina mama wazee na watu wa vijiji vya mbali ndio waliopata hasara kubwa zaidi. Wengi wao walikifahamu Kiswahili cha sokoni, si cha hotuba. Mtu asiyefuata maneno humtazama msemaji, naye humwamini jirani anayemnong'onezea maana yake. Kwa njia hiyo kanuni iliyokusudiwa kuondoa ukalimani wa siri iliuingiza tena mistari ya nyuma, mahali ambapo msimamizi hakuweza kuusikia. Kwa upande mwingine, haikuwa kweli kwamba aliyejua Kiswahili cha fasaha ndiye aliyefaidika daima. Yule msomi aliyerudi na Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza alichekwa. Lakini na yule aliyesema kwa ufasaha mno, kama mtu wa pwani, aliweza kuulizwa ameondoka nyumbani tangu lini.

Swali hilo la mwisho ndilo lililokuwa kiini cha uchaguzi wote. Palipokwisha hotuba, mwenyekiti alifungua nafasi ya maswali, na hapo mgombea alikutana na mambo ambayo ilani haikuyataja. Kwa nini mkulima anakatwa fedha nyingi na ushirika? Daraja lililoahidiwa liko wapi? Mtoto aliyefaulu mtihani amekosa nafasi, ni kwa sababu gani? Na kwa mbunge wa zamani, swali lililouma kuliko yote: tangu tulipokupeleka Dar es Salaam mwaka 1960 ulikuja hapa mara ngapi? Mpinzani wake hakuwa na haja ya kusema neno. Alikaa kimya kwa adabu, kama kanuni zilivyotaka, na kuwaacha wananchi wamtendee kazi. Kukaa kwao pamoja jukwaani kulimfanya mkubwa aonekane sawa na mwalimu wa shule au katibu wa ushirika aliyeketi kando yake. Waziri aliyezoea kupokewa kwa vigelegele alijikuta akisubiri zamu yake.

Mchana uliendeshwa hivyo. Usiku ulikuwa na utawala mwingine. Kanuni hazikuweza kumzuia mtu kutembelea jamaa zake baada ya jua kuchwa, wala rafiki zake kupita kilabuni na misikitini na makanisani wakinong'ona. Yote yaliyokatazwa uwanjani, yaani ukoo, dini, kabila na ahadi ya kibinafsi, yalihamia katika vyumba vyenye giza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliofuatana na uchaguzi ule, ambao kazi yao ilihaririwa na Lionel Cliffe na kutolewa mwaka 1967, walitambua kampeni hiyo ya chini kwa chini pamoja na ile ya hadharani. Baadhi ya walioshindwa walikwenda mahakamani. Kesi ya Mbowe dhidi ya Eliufoo, iliyohukumiwa na Jaji Mkuu Georges, ilibaki ikitajwa na wanasheria kwa jinsi ilivyofafanua ni lini kosa huhesabiwa kuwa limeathiri matokeo ya uchaguzi. Walakini ingekuwa makosa kusema kwamba usiku uliushinda mchana. Kama kunong'ona kungekuwa ndiko kunakochagua, Derek Bryceson, Mzungu aliyekabiliana na mpinzani Mwafrika mjini Dar es Salaam, hangalishinda. Naye alishinda kwa kura nyingi. Amir Jamal, mwenye asili ya Kiasia, alishinda Morogoro.

Walioanguka walikuwa watu wa namna nyingine. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyejijengea jina kwa kuwaunganisha wakulima wa pamba wa Ziwa katika vyama vya ushirika, alishindwa huko Mwanza. Ushirika uleule uliompandisha ulikuwa umekwisha kuwa chombo kikubwa kinacholalamikiwa na wakulima, na mwaka uliofuata serikali yenyewe iliunda tume ya kuchunguza mwenendo wa vyama vya ushirika. Bomani alirudi Bungeni kwa njia nyingine na kubaki katika Baraza la Mawaziri, lakini jimbo lilikuwa limekwisha kusema. Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa Umoja wa Wanawake wa Tanzania, alishindwa Rufiji. Kisa chake kinafundisha zaidi kwa mwenye kuitazama lugha. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa ngoma mjini Dar es Salaam kabla ya kuingia TANU, na katika miaka ya kupigania uhuru hapakuwa na sauti ya Kiswahili iliyokusanya watu kuliko yake. Kama uchaguzi wa 1965 ungalikuwa mashindano ya kusema tu, yeye asingalipatikana wa kumshinda. Lakini ufasaha wake ulikuwa wa kuuita umati mmoja dhidi ya mtawala wa kigeni, na katika mkutano wa jembe na nyumba hapakuwa na mtawala wa kigeni. Palikuwa na watu wa Rufiji na habari za mto wao, na mgombea aliyekuwa ameishi na kufanya kazi mjini. Mwisho wa yote, Rais alipata kura za ndiyo zaidi ya milioni 2.5, na papo hapo, siku zilezile za kura, wananchi haohao wakawaangusha baadhi ya mawaziri na wasaidizi wake. Waliweza kutofautisha.

Kwa msomaji wa Kenya tofauti na mambo ya nyumbani inaonekana wazi. Uchaguzi wa Desemba 1969, uliofanywa ndani ya KANU pekee baada ya KPU kupigwa marufuku, uliwaangusha wabunge wengi vilevile, lakini maisha ya mgombea njiani yalikuwa mengine kabisa. Alisafiri kwa gari lake au la marafiki zake, akaomba leseni ya mkutano wake kwa Mkuu wa Wilaya, akawahutubia watu wake kwa lugha ya mama, na akapimwa kwa michango yake ya Harambee. Isitoshe, ili akubaliwe kusimama alitakiwa kuthibitisha kwamba anakijua Kiingereza, lugha ambayo huenda hakuitumia hata mara moja katika kampeni nzima. Rais Kenyatta alipoamuru Julai 1974 kwamba shughuli za Bunge ziendeshwe kwa Kiswahili, wabunge kadhaa waliokuwa wasemaji hodari Bungeni walinyamaza ghafula. Mbunge wa Kenya wa wakati ule alitumia lugha moja kupata ruhusa ya kusimama, nyingine kupata kura, na ya tatu kuzungumza na wabunge wenzake. Wa Tanzania alitumia moja kwa yote, na mwaka 1967 serikali yake ilipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya shughuli zake, hakuwa na mshangao. Alikuwa amekwisha kufanyiwa mtihani wake mbele ya wapiga kura.

Utaratibu wa wagombea wawili, alama mbili na mikutano ya pamoja uliendelea katika chaguzi zilizofuata, kuanzia 1970, na haukuondoka TANU ilipoungana na ASP mwaka 1977 na kuwa CCM. Wagombea walizidi kuzoea, na wakuu wa chama nao walizidi kuchuja majina kabla hayajafika kwa wapiga kura, hata pengine mshangao wa 1965 haukurudi kwa ukubwa uleule. Mwaka 1992 sheria iliruhusu vyama vingi, na katika uchaguzi wa Oktoba 1995 kila chama kilikuja na gari lake, jukwaa lake na nyimbo zake. Wapinzani hawakupanda tena gari moja. Nyumba ilitoweka katika karatasi ya kura; jembe lilibaki, likiwa limepishanishwa na nyundo, katika alama ya chama kimoja tu miongoni mwa vyote vilivyoshindana.